Kivuli cha Mti, Kivuli cha Ukuta

Kipima mwanga kilitengenezwa kimfuate binadamu. Ukikielekeza kivulini, hupima kile ambacho jicho lingekiona humo, kikatoa namba, na mpiga picha akaitii. Ndiyo maana pale Nengo, upande wa Ziwa Kivu wa mji wa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo, mtu aliyeketi chini ya mti na mwingine aliyeegemea ukuta wa nyumba, wote wakiwa kivulini saa nne asubuhi, wanaweza kupewa namba ileile. Kwa filamu ya kawaida namba hiyo inatosha. Kwa filamu ya infraredi inapotosha. Picha itakapotoka, wa chini ya mti ataonekana vizuri, pengine kuliko alivyotarajiwa. Wa ukutani atakuwa amemezwa na weusi, labda zimebaki kola ya shati na ncha ya kiatu.

Sababu yake haina uchawi. Kivuli cha ukuta huangazwa na anga. Hewa hutawanya sana mawimbi mafupi ya mwanga, ndiyo maana anga ni ya bluu, na mawimbi marefu huyaacha yapite karibu yalivyo. Mwanga unaoshuka kutoka kwenye anga safi kwa hiyo una infraredi kidogo mno. Kivuli cha mti kina hesabu nyingine. Jani hula mwanga mwekundu na wa bluu ili lijitengenezee chakula, lakini infraredi haina kazi nayo: sehemu kubwa huirudisha ilikotoka, na sehemu nyingine kubwa huipitisha iende chini. Anayekaa chini ya mti amekingwa na jua linaloonekana, huku akinyeshewa jua lisiloonekana.

Mazungumzo ya wapiga picha kuhusu filamu hii kwa kawaida huanza na majani meupe na anga nyeusi. Kisha yanahamia kwenye mapishi: filamu ihesabiwe kuwa ya kasi gani, kichujio kipi kifungwe mbele ya lenzi, dawa gani ya kusafishia, dakika ngapi. Mapishi hayo ni ya lazima, nami nitayafikia. Ila naona yaanzie kivulini, kwa sababu karibu na ikweta kivulini ndiko waliko watu. Methali inasema mchumia juani hulia kivulini. Gisenyi wengi huchumia kivulini humohumo. Muuza matunda huweka beseni lake chini ya mti, dereva wa pikipiki husubiri abiria palepale, na askari wa lango husogeza kiti kadiri kivuli cha ukuta kinavyosogea. Ukipima mwanga kwa ajili ya jani linalong'aa, hao wote umewafuta kabla hujafungua shata.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi huamini kwamba filamu hii huona joto. Haioni. Jicho la binadamu huishia karibu na nanometa 700. Filamu ya Ilford SFX 200 huendelea mpaka 740 hivi, Rollei Infrared 400 mpaka 820, na ile ya Kodak iliyoitwa HIE, ambayo haitengenezwi tena, ilifika 900. Joto la mwili wa mtu hutoa mawimbi ya nanometa kama 10,000, mbali kabisa na uwezo wa filamu yoyote. Katika upeo wa Gisenyi, vitu vinavyoweza kujichora gizani kwa joto lavyo vyenyewe ni kama mkaa unaowaka jikoni na lava ya volkeno ya Nyiragongo. Vingine vyote vinahitaji kuangazwa. Filamu ya infraredi haichungulii ndani ya vitu. Hupokea mwanga wa jua ulio pembeni kidogo ya ule tunaouona, basi.

Lakini pembeni hapo dunia hubadilika. Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha mwaka 1910 picha za mandhari alizozipiga kwa mwanga huo, na mpaka leo weupe wa majani katika picha za namna hii huitwa kwa jina lake. Majani yanakuwa kama yamepakwa chokaa. Anga inakuwa nyeusi. Maji, ambayo humeza infraredi, yanakuwa meusi zaidi. Ukungu mwembamba wa vumbi na moshi unaosimama juu ya Ziwa Kivu wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hupungua, na milima ya Kongo ng'ambo ya maji hujitokeza kwa kingo kali. Mawingu hayapenyeki hata hivyo. Matone ya maji ni makubwa mno, hutawanya mawimbi yote sawasawa. Wakati wa masika filamu hii hukaa mkobani siku nyingi, ila mvua inapokatika na jua kutoka ghafla juu ya migomba iliyooshwa, hakuna saa iliyo bora kuliko hiyo.

Mwanga huu una historia yake, na historia hiyo si ya wasanii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kodak ilitengeneza filamu ya rangi yenye infraredi ili kutoka angani ionekane tofauti kati ya msitu hai na turubai lililopakwa rangi ya kijani. Rangi ya kopo hulidanganya jicho. Infraredi haidanganyiki nayo, kwa kuwa rangi ya kopo hairudishi infraredi kama jani lifanyavyo. Baadaye filamu za ukoo huo zikatumika kuchunguza afya ya misitu na mashamba. Hata Rollei Infrared 400, ambayo leo hununuliwa na wapenda picha, ni ya ukoo wa filamu za Aviphot za Agfa-Gevaert, kiwanda cha Mortsel karibu na Antwerp, nazo zilikusudiwa kamera za ndege za kupima ardhi. Kwa mpiga picha anayesimama Nengo, jambo hilo si dogo. Ubelgiji iliingia Rwanda mwaka 1916 na ikaitawala mpaka uhuru wa 1962. Filamu iliyotengenezwa huko ili nchi itazamwe kutoka juu, sasa imo ndani ya kamera ya mtu aliyesimama barabarani, macho yake yakiwa usawa wa macho ya wengine.

Ng'ambo ya mpaka, mwanga huohuo ulikwisha kufanya kazi nyingine mbili. Kuanzia mwaka 2010, Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, alizunguka Kivu akiwa na filamu ya Kodak Aerochrome, ambayo kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza mwaka uliotangulia. Filamu hiyo hugeuza kijani cha majani kuwa waridi. Milima, wapiganaji na vijiji vya mashariki ya Kongo vikatoka vimezungukwa na waridi, na kazi yake ya skrini sita, The Enclave, ikaonyeshwa Venice mwaka 2013 katika banda la Ireland. Desemba ya mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulizindua mjini Goma ndege zake za kwanza zisizo na rubani kwa ajili ya ulinzi wa amani, zikiwa na kamera za kuona usiku na mchana. Eneo moja na mwaka mmoja: huku waridi ya Venice, kule jicho la jeshi angani. Wakazi wa kingo hizi za ziwa wametazamwa kwa mwanga wasiouona zaidi ya jamii nyingi duniani.

Mosse amebishaniwa sana. Wako wanaosema ameipamba vita, wako wanaosema ameilazimisha dunia itazame vita iliyochoka kuitazama. Mimi namsifu kwa jambo moja ambalo picha nyeusi na nyeupe haina: waridi hujitangaza. Hakuna anayeziona picha zile akaamini kwamba milima ya Masisi, huko Kongo, ina rangi ya ubani wa watoto. Mtazamaji anajua papo hapo kwamba kuna mkono ulioingilia. Picha nyeusi na nyeupe inakuja na heshima ya ushahidi. Tumeizoea kwenye magazeti, kwenye vitambulisho, kwenye albamu za wazee. Inapoonyesha Ziwa Kivu jeusi kama wino chini ya miti myeupe, mtazamaji wa mbali hasemi kwamba maji humeza infraredi. Anakumbuka kwamba vilindini mwa ziwa hili mna kaboni dayoksaidi na methani. Anakumbuka Julai 1994, wakimbizi wakivuka hapa kuingia Goma, na kipindupindu kilichowapokea. Weusi wa maji anausoma kama msiba, ilhali asubuhi ile ziwa lilikuwa la bluu na watoto walikuwa wanaogelea.

Basi mtu anayechagua vipimo vya kamera hapa anachagua zaidi ya vipimo. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kichujio. Filamu hizi huona pia mwanga wa kawaida, kwa hiyo bila kichujio zitatoa picha karibu na ya kawaida. Kichujio cha R72 huzuia takriban mwanga wote tunaouona na kuruhusu ule unaoanzia kwenye nanometa 720. Kwa jicho ni kioo cheusi. Ukikifunga, kwenye kitafuta picha huoni tena kitu cha maana. Chaguo jingine ni kichujio chekundu cha namba 25, kinachokula hatua tatu tu za mwanga na kuchanganya wekundu unaoonekana na infraredi. Nacho, anga inabaki nyeusi kiasi, majani yanapauka bila kuwaka, na ngozi na maji vinabakiwa na kitu cha uhalisia wake. Anayetaka ajabu atachukua R72. Anayetaka watu wabaki watu ndani ya mandhari iliyobadilika afikirie chekundu kwanza.

Cha pili ni kasi ya filamu. Boksi la Rollei limeandikwa 400. Ukiwa na R72, namba hiyo haina maana tena. Wapiga picha wengi huihesabu kuwa 12 au 6, yaani hatua tano au sita chini, kila hatua ikiwa ni kuongeza mwanga maradufu. Kwa jua kali la katikati ya asubuhi, lenzi ikiwa f/11, pa kuanzia ni hapa: 1/15 ya sekunde, kisha 1/8, kisha 1/4, kwa mandhari ileile. Kupiga mara tatu si ubadhirifu, kwa sababu kiasi cha infraredi ndani ya mwanga wa jua hubadilika bila kipima mwanga kujua. Jua likiwa chini, asubuhi na jioni, sehemu ya infraredi huwa kubwa kuliko kipimo kinavyodai. Wingu jembamba likipita, mambo hubadilika tena. Na kwa kuwa lenzi hukusanya infraredi nyuma kidogo ya pale inapokusanya mwanga wa kawaida, lenzi za zamani zina alama ndogo nyekundu ya kusogezea fokasi. Lenzi isiyo na alama hiyo isaidiwe na tundu dogo. F/11 husamehe mengi.

Hesabu hii ina tokeo ambalo vitabu vya ufundi huliona kuwa kero. Kamera lazima ikae kwenye miguu mitatu. Picha hutungwa kwanza, kichujio hufungwa baadaye, na anayepigwa hana budi kutulia. Huwezi kumwibia mtu picha kwa filamu hii. Mpakani kamera hukaa mkobani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Barabarani Nengo inabidi uombe. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, mjini Gisenyi kilikuwa lugha ya soko na ya mpaka zamani kabla ya sheria hiyo, kwa hiyo maombi hayana shida ya lugha. Nilimwomba mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi chini ya mti mkubwa.

"Mama, naomba nikupige picha, ila itabidi utulie kidogo."

"Nitulie mpaka lini, mwanangu?"

"Nifunge kwanza hiki kioo, halafu ni kama kuvuta pumzi moja."

Akakitazama kichujio. "Kioo cheusi hivi! Nitaonekana kweli?"

"Utaonekana, mama. Ila utatoka mweupe kidogo."

Akacheka, akamgeukia jirani yake, akamweleza kwa Kinyarwanda, wakacheka wote wawili. Kisha akanirudia. "Mweupe kiasi gani?"

Sijasikia mtu akiuliza swali la infraredi kwa usahihi kuliko huyo. Melanini, inayoipa ngozi rangi yake, humeza sana mwanga wa bluu na wa kijani, ikalegea kwenye mwekundu, ikalegea zaidi kwenye infraredi. Kadiri mawimbi yanavyorefuka ndivyo ngozi zote duniani zinavyokaribiana. Mbele ya filamu hii Mnyarwanda, Mkongomani na mtalii wa Kizungu hupata nyuso za kufanana: nyororo, zisizo na madoa, na macho meusi sana. Katika nchi ambayo watawala wa Kibelgiji walipima pua na vimo vya watu, wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya miaka ya 1930, na vitambulisho hivyo vikaja kuamua nani afe mwaka 1994, ni rahisi kuishangilia filamu isiyotofautisha. Ningeomba tusiishangilie. Usawa wake ni ajali ya kemia. Haimheshimu mtu, inampunguzia habari. Uso uliopoteza rangi yake, makunyanzi yake na kovu lake haukukombolewa, umefutwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo "kiasi gani" ndilo swali lenyewe, na jibu lake kwa sehemu kubwa liko kwenye dawa.

Dawa ya kusafishia filamu hufanya jambo moja: hugeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa hutofautiana kwa haraka inayofanya hivyo, kwa mahali inapochoka, na kwa jinsi inavyoziacha kingo za chembe. Tatizo la Nengo ni la ukali, yaani pengo kati ya weupe na weusi wa picha. Filamu za ukoo wa angani zilitengenezwa kali kwa makusudi, kwa sababu kutoka juu ukungu hufifisha kila kitu na picha inahitaji kusukumwa. Zishushe chini, zielekeze kwenye jani linalorudisha infraredi chini ya jua la ikweta, na pembeni ya jani weka ziwa na ukuta ulio kivulini: una ukali juu ya ukali. Ukisafisha kwa nguvu, jani linakuwa tundu jeupe lisilo na mishipa, ukuta unakuwa shimo. Picha ya namna hiyo huvutia kwa mbali. Ukiisogelea haina kitu.

D-76 ya Kodak, ya mwaka 1927, bado ndiyo mwalimu mzuri. Lita moja ina metoli gramu 2, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2 na sodiamu salfaiti gramu 100. Ni ile salfaiti nyingi inayozilainisha chembe, kwa kuziyeyusha kingo kidogo. Rodinal, iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 1891, ina tabia nyingine. Haiyeyushi kingo, kwa hiyo chembe hubaki kali na mistari huonekana imechongwa. Kwa majani ya mikaratusi iliyojaa vilima vya Rwanda, wembamba wa kila jani unapendeza kwa Rodinal. Kwa shavu la mama aliyeketi kivulini, D-76 ni ya upole zaidi.

Lakini kuliko jina la dawa, ninaangalia imechanganywa na maji kiasi gani na inatikiswa mara ngapi. D-76 iliyozimuliwa nusu kwa nusu, au Rodinal sehemu moja kwa sehemu hamsini za maji, hufanya jambo ambalo dawa nzito haifanyi. Pale palipopata mwanga mwingi, yaani kwenye jani, dawa iliyogusana na filamu huishiwa nguvu upesi. Usipotikisa, dawa mpya haifiki haraka kuichukulia nafasi, na kazi hupungua. Pale palipopata mwanga kidogo dawa ina kazi ndogo, haichoki, inaendelea taratibu kuchimbua kilichomo. Jani linasubirishwa, uso unapewa muda. Tikisa kwa upole mwanzoni, kisha mara moja tu kila dakika moja au mbili, na tofauti kati ya vivuli viwili vya Nengo itapungua kwa kiasi ambacho hakuna kipimo cha kamera kingekupa peke yake.

Kwa bahati njema mahali penyewe panasaidia. Majedwali ya dawa karibu yote huandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Aliyewahi kusafisha filamu Mombasa au Dar es Salaam anajua taabu ya kutafuta barafu ya kuyapoza maji ya bomba. Gisenyi iko kwenye mwinuko wa mita 1,460 na zaidi, na maji yake hayako mbali na nyuzi hizo. Maji ya ziwa yasitumike: Kivu ina chumvichumvi na ualikali wa kutosha kuivuruga dawa, kwa sababu nguvu ya dawa hutegemea ualikali wake kupimwa sawasawa.

Iko pia njia ya jikoni. Mwaka 1995, katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester huko Marekani, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ikichanganywa na alikali husafisha filamu. Baadaye wengine wakaongeza vitamini C, na mchanganyiko huo ukaitwa Caffenol-C. Kichocheo kinachotumiwa sana ni, kwa lita moja, gramu 54 za magadi ya kufulia yaliyokaushwa, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka, kwa dakika 15. Afrika Mashariki ina malighafi mbili kati ya hizo tatu: magadi yanachimbwa katika Ziwa Magadi, Kenya, tangu enzi za ukoloni, na kahawa ya kuyeyuka hutengenezwa Tanzania. Kwa mtu wa Rubavu, wilaya ulimo mji wa Gisenyi, inayolima kahawa yake yenyewe, kishawishi ni kikubwa. Lakini filamu haina ulimi. Inapenda robusta ya bei nafuu, yenye asidi nyingi za kahawa, kuliko arabika nzuri ya vilima vya Kivu. Arabika inywewe. Kahawa pia huacha kivuli cha hudhurungi juu ya filamu nzima, na kivuli hicho hula maeneo yaleyale hafifu ninayotaka kuyaokoa. Ninaipenda kwa majaribio. Kwa uso wa mtu aliyetulia kwa hisani, nitatumia dawa ninayoijua.

Sasa nirudi kwa yule askari wa lango, maana mama wa maparachichi hana tatizo: mti umekwisha kumwangazia. Ushauri wa haraka ni kumwomba askari asogee chini ya mti. Hawezi, yuko kazini, na lango ndilo kazi yake. Picha ndiyo imfuate. Kwa hiyo namwongezea mwanga, hatua mbili juu ya kile ninachompa mama, nikijua fika kwamba majani yaliyo nyuma yake yatajaa kupita kiasi. Kisha napunguza muda wa dawa kwa takriban moja ya tano, na dawa yenyewe iwe ile iliyozimuliwa. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni kupima kwa ajili ya kivuli na kusafisha kwa ajili ya mwangaza. Katika filamu ya kawaida kanuni hiyo huokoa hapa nusu hatua, pale hatua moja. Katika infraredi ndiyo inayoamua kama mtu yumo pichani au hayumo.

Ninachopoteza nakijua. Majani yangu hayatawaka kama theluji, anga yangu itakuwa ya kijivu kizito badala ya nyeusi, na mhariri wa picha anayepitisha mamia kwa siku ataichagua ya mwenzangu aliyesafisha kwa nguvu. Simlaumu mwenzangu, mandhari tupu ina haki ya kuwa ya ajabu. Lakini Kivu imepewa maajabu ya kutosha na watu wanaopita. Kutoka Nengo unaona volkeno iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021, ziwa lenye gesi, na mpaka ulioandikwa habari zake katika kila lugha ya magazeti. Kilichopungua katika picha za hapa ni mtu anayefanya kazi yake ya Jumanne.

Dawa nyepesi haitamaliza yote. Ziwa litabaki jeusi hata ukisafisha kwa upole wa namna gani, kwa sababu maji yamekwisha kuimeza infraredi kabla haijafika kwenye lenzi, na hakuna dawa inayorudisha mwanga usiokuja. Hapo ndipo maandishi yanapoichukua kazi. Nyuma ya kila picha ya infraredi, na chini yake inapochapishwa, iandikwe filamu gani, kichujio gani, ilihesabiwa kwa kasi gani, dawa gani na kwa uzito gani, na iongezwe sentensi moja kwa lugha ya kawaida: katika mwanga huu majani huwa meupe, maji huwa meusi, na ngozi huwa nyepesi kuliko ilivyo. Wapo watakaosema maelezo hayo yanaua uzuri. Picha inayokufa kwa kuambiwa ukweli wa mwanga wake ilikuwa inaishi kwa mkopo, na waliomo ndani yake ndio waliokuwa wanalipa riba.